Nyumba yenye bwawa upande wa baharini: kisa cha familia moja ya Dar es Salaam

Kabla ya kisa

Mimi ni mhandisi wa ujenzi. Kazi yangu kwa miaka ya karibuni ni kukagua nyumba kwa niaba ya wanunuzi kabla hawajatia saini. Kisa hiki ni cha familia iliyoniruhusu kukisimulia. Nimeondoa majina, mtaa na mwaka, na baadhi ya tarakimu nimezizungusha. Nakiandika kwa sababu ndani yake kuna mambo tuliyofanya vizuri ambayo wengine wanaweza kuyafuata, na kuna kosa moja langu ambalo nusura litugharimu mtoto. Kosa hilo sitalipita haraka.

Usuli

Mume na mke, wote waajiriwa, walikuwa wamepanga Sinza kwa miaka 9. Watoto watatu: wa miaka 11, wa miaka 8 na kitindamimba wa miaka 2. Nyumbani anaishi pia mama mzazi wa mume, bibi wa miaka 68, pamoja na dada wa kazi wa miaka 19. Walikuwa na akiba, walikuwa wameuza kiwanja cha Bunju, na benki ilikuwa tayari kuwakopesha shilingi milioni 200 kwa miaka 15, riba asilimia 16. Kwa hesabu hiyo marejesho ni takriban milioni 2.94 kila mwezi. Naitaja mapema kwa sababu kila gharama ya bwawa ilibidi ikae juu ya marejesho hayo.

Dalali aliwaonyesha nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa Salasala, mlimani, vyumba vinne, haina bwawa, milioni 395. Ya pili ilikuwa upande wa baharini wa Barabara ya Bagamoyo, vyumba vinne vilevile, kiwanja kikubwa zaidi, na nyuma ya jiko bwawa la kuogelea la mita 9 kwa mita 4.5. Hiyo mwenyewe alitaka milioni 460. Alikuwa mzee mstaafu anayerudi kwao mkoani, na watoto wake wote walishaondoka nyumbani.

Watoto wa familia hii waliiona nyumba ya pili siku ya Jumapili. Kuanzia siku hiyo Salasala haikutajwa tena mezani. Wiki hiyohiyo mume alitoa kishika uchumba cha milioni 5, kwa karatasi ya mkono isiyosema lolote kuhusu kurudishwa kwa fedha hizo endapo ukaguzi ungeonyesha kasoro. Mimi niliitwa wiki tatu baadaye.

Siku ya kwanza pale

Ilikuwa mwanzoni mwa Aprili, masika yameshika. Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri: paa zima, mbao za kenchi hazina mchwa, nyufa za plasta tu. Hati ilikuwa safi. Wakili wao alishafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, akakuta hakuna rehani wala zuio, na mke wa muuzaji alikuwa tayari kutia saini ya ridhaa kama sheria inavyotaka kwa nyumba ya wanandoa. Upande huo sina la kuongeza.

Maji ya bwawa yalikuwa ya bluu, yamejaa hadi mstari wa marumaru. Dalali alisimama ukingoni akasema, "Injinia, hapa huna kazi. Bwawa linajieleza."

Nilizunguka. Upande wa mashariki, kati ya bwawa na ukuta wa uzio wa kiwanja, paving za saruji zilikuwa zimezama kama sentimita 4, na ukuta ulikuwa na ufa wa mshazari. Kwenye kibanda cha pampu nikaona bomba dogo la kujazia maji, na koki yake ilikuwa imefunguliwa kidogo, inatiririsha mchirizi mwembamba kama wa birika. Nikamwuliza kijana wa bwawa kwa nini. Akajibu bila hila, "Mzee alisema isifungwe. Ikifungwa maji yanashuka."

Maneno yake yaliniambia zaidi ya lile bluu la maji. Bwawa ambalo koki yake haifungwi usiku na mchana haliwezi kuhukumiwa kwa macho, kwa sababu linalovuja na lisilovuja yote yataonekana yamejaa.

Kwa nini hatukulimwaga

Fundi wa muuzaji alipendekeza tulimwage maji yote ili tuone sakafu. Mume alikubali papo hapo, maana lilikuwa wazo linaloeleweka: ukitaka kukagua sufuria, mwaga mchuzi. Nilikataa, na naeleza sababu kwa kirefu kwa kuwa nimeona watu wakipoteza bwawa zima kwa uamuzi huo.

Ardhi ya upande ule ni mchanga juu ya mawe ya matumbawe, na wakati wa masika maji ya ardhini hupanda sana. Nilikwenda kwa jirani mwenye kisima cha kuchimba kwa mkono, nikateremsha kamba yenye jiwe. Maji yalikuwa mita 1.4 tu kutoka usawa wa ardhi. Upande wa kina wa bwawa, chini kabisa ya zege, ulikuwa kama mita 2.2. Maana yake sehemu ile ilikuwa imezama ndani ya maji ya ardhini kwa sentimita 80. Maji ya kina hicho husukuma kwenda juu kwa nguvu ya tani 0.8 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya zege ya sentimita 20 ina uzito wa takriban tani 0.48 kwa mita ya mraba. Bwawa likiwa limejaa, maji ya ndani yanalikandamiza na mambo yanakaa sawa. Ukilimwaga, kinachobaki kulishikilia ni uzito wa kuta na msuguano wa udongo. Linaweza kupasuka sakafu, na linaweza kuinuka zima kama mtumbwi na kuvunja mabomba yote. Kuanzia Machi hadi Mei, upande wa baharini, bwawa halimwagwi kwa ajili ya kuangalia.

Badala yake tulitumia ndoo.

Ndoo ya plastiki ya lita 20 iliwekwa mawe mawili isielee, ikakaa kwenye ngazi ya kwanza ya bwawa, ikajazwa maji ya bwawa hadi usawa wa ndani ulingane na wa nje. Nikabandika alama za tepu ndani ya ndoo na kwenye marumaru ya ukingo. Koki ya kujazia ikafungwa, na mlinzi akaombwa asiiguse. Maji ya kwenye ndoo hupungua kwa jua na upepo tu. Ya bwawa hupungua kwa jua, upepo na uvujaji. Tofauti ya mishuko miwili ndiyo uvujaji. Mvua ikinyesha jaribio linaharibika, na kweli tulirudia mara mbili hadi tukapata siku kavu.

Siku ambayo pampu ilifanya kazi saa 8 kama kawaida, ndoo ilishuka milimita 5, bwawa likashuka milimita 17. Siku iliyofuata, pampu ikiwa imezimwa, ndoo ilishuka milimita 5 tena, bwawa milimita 9. Eneo la maji ni mita za mraba 40.5, kwa hiyo milimita 12 za uvujaji ni karibu lita 486 kwa siku. Pampu ikizimwa zinabaki lita 162. Tofauti hiyo ilituonyesha mahali pa kutafuta: sehemu kubwa ilikuwa inatoka kwenye bomba la kurudisha maji, ambalo huwa na msukumo pampu ikifanya kazi, na bomba hilo lilipita hasa chini ya zile paving zilizozama. Sehemu ndogo tuliipata kwa rangi ya chakula. Nilidondosha matone karibu na kikusanya uchafu cha pembeni, nayo rangi ikavutwa taratibu kwenye ufa kati ya plastiki na zege.

Lita 486 kwa siku ni zaidi ya uniti 14 za maji kwa mwezi. Bili peke yake si ndogo, ila kilichonitia wasiwasi ni kwamba maji yale yalikuwa yakipita kwenye mchanga chini ya msingi wa ukuta, usiku na mchana, kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuutaja.

Tulipata mengine mawili. Kifuniko cha tundu la kunyonyea maji sakafuni kilikuwa kimevunjika, na tundu lilikuwa moja tu. Tundu moja lisilo na kifuniko salama linaweza kumnasa mtoto kwa nywele au kwa mwili na kumshikilia chini pampu inapovuta. Marekani ilitunga sheria mahsusi kuhusu vifuniko hivyo mwaka 2007. Na taa ya ndani ya maji ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa volti 230, bila kikata umeme cha kulinda watu. Niliizima hapohapo, nikafunga kibanda kwa kufuli yangu.

Kikao cha Sinza na swali la bibi

Nilipeleka taarifa nyumbani kwao jioni ya Jumamosi. Nilikuwa nimeandaa hesabu ya gharama za kila mwezi, na tulikaa juu yake zaidi ya saa nzima. Umeme: pampu inayokula kilowati 1.1 kwa saa 8 kila siku ni uniti 264 kwa mwezi. Kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni LUKU ya 94,000. Dawa za klorini na za kurekebisha asidi, 130,000. Kijana wa bwawa kuja mara mbili kwa wiki, 120,000. Maji ya kufidia yanayokauka, ambayo kwa milimita 5 kwa siku ni kama lita 6,000 kwa mwezi, 20,000. Akiba ya pampu, mchanga wa chujio na grauti, 100,000. Jumla 464,000 kwa mwezi, uvujaji ukishatibiwa.

Mke alikuwa na kumbukumbu yake. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgawo wa maji, walibeba madumu Sinza usiku wa manane. "Nitajisikiaje," akasema, "nina lita elfu sitini nyuma ya jiko na jirani anabeba ndoo?" Lilikuwa swali la haki. Muuzaji alikuwa na kisima, lakini maji yake yalikuwa ya chumvichumvi na magumu, yanafaa kujazia bwawa kwa shida na hayafai kunywewa.

Bibi alikuwa kimya muda wote, amekaa kwenye kochi la pembeni, mjukuu amelala mapajani. Tulipofika mwisho wa hesabu akaniita.

"Mwanangu, mimi mambo ya uniti siyajui. Niambie hili tu. Saa nne asubuhi, hawa wameenda kazini, wakubwa wako shule. Nyumba hiyo anabaki nani?"

Tukahesabu. Bibi mwenyewe, ambaye magoti yanamsumbua. Dada wa kazi. Na mtoto wa miaka 2. Nikauliza nani kati yao anajua kuogelea. Hakuna. Nikauliza na wengine mezani. Mume alijifunza Mwanza utotoni. Mke hajui. Watoto wakubwa hawajui.

Nilikuwa na kurasa 14 za taarifa, na hakuna hata mstari mmoja uliouliza swali hilo. Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka mingi kwamba watoto wa mwaka 1 hadi 4 ndio wenye viwango vya juu vya kufa maji, na jambo la kwanza linalopendekezwa ni kizuizi kati ya mtoto na maji. Mtoto wa umri huo hazami kwa kelele kama watu wanavyodhani. Anazama kimya, ndani ya dakika chache, mara nyingi mtu mzima akiwa chumba cha pili.

Njia zilizokuwa mezani

Ya kwanza, kuiacha nyumba na kurudi Salasala. Ya pili, kununua na kulifukia bwawa: kutoboa sakafu ili maji ya mvua yasituame, kuvunja ukingo, kujaza kifusi na mchanga tabaka kwa tabaka na kushindilia. Makadirio ya mkandarasi yalikuwa milioni 5.5. Ya tatu, kununua na kulitumia. Ya nne ilikuwa wazo la mume: kununua, kulifunga bwawa miaka mitatu hadi mtoto akue, kisha kulifungua.

Ile ya nne ndiyo inayovutia watu wengi, na ndiyo niliyoipinga kwa nguvu zaidi. Bwawa halina hali ya kulala. Ukiliacha na maji bila dawa wala pampu, ndani ya wiki mbili linakuwa kijani na linazaa mbu. Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengi 2014 na 2019, na hakuna anayehitaji shamba la mbu nyuma ya jiko. Ukiliacha tupu, masika yanalisukuma juu. Ukilifunika kwa turubai, maji ya mvua hukusanyika juu yake, na mtoto anayekanyaga turubai lile anazama bila mtu kumwona.

Salasala ilikuwa na hoja nzuri za fedha. Mke aliipendelea kwa siku mbili. Kilichowarudisha upande wa baharini ni mambo yasiyohusu maji: ukubwa wa kiwanja, chumba cha chini cha bibi chenye choo chake bila ngazi, na shule ya watoto iliyo karibu. Nyumba ya Salasala ilikuwa ghorofa, na vyumba vyote vya kulala viko juu. Kwa magoti ya bibi hilo lilikuwa tatizo la kila siku.

Waliamua kununua, kulihifadhi bwawa, na kulizungushia uzio kabla ya kuhamia. Kufukia waliona ni uamuzi wanaoweza kuufanya mwaka wowote, ila kufukua hawataweza. Niliunga mkono, na mpaka leo naona hoja ile ilikuwa sahihi.

Mazungumzo ya bei

Muuzaji alikubali matokeo ya ndoo bila ubishi mrefu. Nadhani alijua. Alitaka kufanya matengenezo yeye mwenyewe kabla ya kukabidhi. Nilishauri wakatae na waombe punguzo badala yake, kwa sababu anayeondoka hutengeneza kwa bei ya chini kabisa na hayupo bomba likivuja tena. Makadirio yetu yalikuwa: bomba na paving milioni 6.5, sehemu ya ukuta kujengwa upya milioni 9, kifuniko, tundu la pili na umeme milioni 2.3, uzio milioni 5.4. Jumla milioni 23.2. Bei ilishuka kutoka 460 hadi 428. Kile kishika uchumba kilihesabiwa ndani, lakini kwa wema wa muuzaji tu. Karatasi ile isingewasaidia popote.

Mthamini wa benki, kwa upande wake, hakuliongezea bwawa thamani ya maana. Masaki na Oysterbay wako wapangaji wanaolipa zaidi kwa ajili ya bwawa. Huku mnunuzi wa kawaida huliona kama mzigo, na anayeuza akidai bwawa peke yake limepandisha nyumba kwa makumi ya milioni, mnunuzi ana haki ya kuuliza nani atamlipa hizo siku akiuza.

Uzio wa pande tatu

Hapa ndipo nilipokosea.

Mchoro wangu wa kwanza wa uzio ulikuwa wa pande nne: vyuma vya wima, urefu mita 1.2, nafasi kati ya chuma na chuma chini ya sentimita 10, bila chuma cha kulala cha kukanyagia, na geti linalofunguka kuelekea nje ya bwawa, lenye springi ya kujifunga na komeo kwenye urefu wa mita 1.5. Upande wa nne ulipita kati ya baraza la jiko na maji. Mke aliutazama akasema utaharibu baraza, maana hapo ndipo walipotarajia kukaa jioni. Fundi wa vyuma akasema ukiondoa upande ule unaokoa milioni 1.9. Mume akaniangalia.

Nilisema, "Ukuta wa nyumba unaweza kuwa upande wa nne, mradi mlango wa jikoni uwe na komeo la juu."

Nilijua tafiti zilizolinganisha uzio wa aina hizi mbili, na kwamba ule unaolitenga bwawa na nyumba pande zote nne hulinda watoto vizuri zaidi. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimeshinda hoja nyingi wiki zile na hii nikaona niwaachie. Mlango ni kitu kinachofunguliwa mara arobaini kwa siku, na komeo lake hutegemea kila anayepita akumbuke. Uzio hautegemei kumbukumbu ya mtu.

Walihamia Julai. Agosti, siku ya kazi, saa nne na dakika chache asubuhi, dada alitoka jikoni na beseni la nguo kwenda kuanika upande wa pili wa nyumba. Mikono yote miwili imejaa. Mlango ulirudi bila komeo. Bibi alikuwa sebuleni anachambua mchele. Ananiambia kwamba hakusikia kitu, na hicho ndicho kilichomnyanyua: mtoto aliyekuwa akigonga sufuria jikoni alikuwa ameacha kugonga.

Alimkuta amechuchumaa kwenye ngazi ya kwanza ya bwawa, ile niliyowekea ndoo, maji yamemfika magotini, anatupa vibanio vya nguo majini kimoja kimoja. Alikuwa amebakiza viwili mkononi. Ngazi ya pili ina kina kinachompita kiuno.

Mke alinipigia akiwa bado kazini. Alisema, "Injinia, mtoto alikuwa kwenye maji," kisha hakuongea kwa muda. Upande wa nne ulijengwa siku tano baadaye. Siku hizo tano jikoni palifungwa kwa ufunguo na chakula kilipikwa kwa jiko la mkaa mbele ya nyumba. Gharama ya upande ule niliilipa mimi.

Dada hakufukuzwa. Mume alitaka. Bibi ndiye aliyekataa, akasema aliyeacha mlango ni dada lakini walioacha uwazi ni watu wazima wanne waliosoma.

Mwaka wa kwanza

Bomba lilitengenezwa Septemba, maji ya ardhini yakiwa yameshuka. Jaribio la ndoo lililorudiwa lilionyesha tofauti ya milimita 1 tu, ambayo naichukulia kuwa kosa la kipimo.

Desemba kijana wa bwawa alikwenda kwao likizo kwa wiki tatu. Hakuna aliyejua kupima maji wala kusafisha chujio. Siku ya tisa maji yalikuwa kijani, na jirani alikuja kulalamikia mbu. Kuyarudisha kulikula dawa za shilingi 310,000 na siku sita za pampu bila kuzimwa. Januari mume na mtoto wa miaka 11 walijifunza kupima: klorini kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, kipimo cha asidi (pH) kati ya 7.2 na 7.6, kila asubuhi kabla ya chai. Daftari linaning'inia kibandani. Klorini sasa inatiwa jioni, kwa sababu jua la Dar es Salaam huila ndani ya saa chache isipokuwa maji yawe na dawa ya kuituliza. Na ndoo ya klorini haikai tena pamoja na chupa ya asidi. Ilikuwa hivyo tangu enzi za muuzaji, na vitu hivyo vikikutana hutoa gesi inayoua.

Wastani halisi wa mwezi ulifika 548,000, dhidi ya 464,000 nilizokadiria. Pengo hilo ni ile Desemba, maboza mawili wakati maji yalipokatika, na pampu iliyohitaji beringi mpya.

Mwalimu wa kuogelea anakuja Jumamosi. Wanafunzi ni wanne: watoto wawili wakubwa, mke, na dada wa kazi, ambaye bibi alisisitiza awe wa kwanza. Mwalimu huyo amewafundisha watu wazima wote kumhudumia aliyezama na aliyeacha kupumua. Dada sasa anavuka bwawa kwa urefu mara nne bila kupumzika.

Ninavyokitathmini kisa hiki

Kilichofanya kazi ni subira ya wiki mbili. Bila siku kavu za jaribio la ndoo, familia hii ingelipa milioni 460 kwa ukuta ulioanza kuliwa chini. Kukataa kulimwaga bwawa Aprili pia kulikuwa sahihi, ingawa siwezi kuthibitisha kwamba lingeinuka.

Kilichoshindikana upande wa fedha ni mambo mawili: kishika uchumba kabla ya ukaguzi, na bajeti iliyomchukulia kijana wa bwawa kama mtu asiyeugua wala kusafiri. Hayo yanarekebishika kwa karatasi nzuri na kwa kujifunza. Kuhusu gharama yenyewe, nadhani familia yenye marejesho ya karibu milioni 3 kwa mwezi ilikuwa inakaribia ukingo, na kama mmoja wao angepoteza kazi mwaka ule, ningeshauri kifusi kiletwe mara moja.

Kosa la uzio ni la aina nyingine, na nimejiuliza mara nyingi lilianzia wapi. Halikuanzia kwenye baraza wala kwenye ile milioni 1.9. Lilianzia kwenye kurasa zangu 14, ambazo zilikagua zege, bomba, umeme na hati, na hazikumkagua mwenye nyumba wa saa nne asubuhi. Swali lilipoulizwa na bibi, nililipokea kama wasiwasi wa mzee na kulijibu kwa uzio. Kisha, bei ilipotajwa, nikapunguza jibu. Kama lingekuwa mstari wa kwanza wa taarifa yangu, nisingeweza kulipunguza bila kuandika kwa mkono wangu kwamba nimelipunguza.

Karatasi yangu ya ukaguzi wa nyumba zenye bwawa sasa ina ukurasa unaotangulia mengine yote, na unajazwa na mteja kabla sijafika. Unauliza nani wanabaki nyumbani mchana, umri wao, nani kati yao anajua kuogelea, na ni mlango upi wa nyumba unaofunguka kuelekea maji. Mteja wa kwanza kuujaza ana nyumba anayoitaka Kigamboni na mjukuu wa miezi 20. Kwenye swali la mwisho aliandika "miwili, jiko na chumba cha wageni", na fundi wa vyuma alikwenda kupima siku moja na mimi, kabla sijashusha ndoo kwenye gari.